Maswali ya Wasomaji: Njaa ya Vita Iliyobaki Mwilini mwa Audrey Hepburn

Toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu mwigizaji Audrey Hepburn (1929–1993), ambaye utoto wake uliliwa na vita nchini Uholanzi. Barua zimetujia kutoka Dodoma mjini, Kongwa, Mpwapwa, Manyoni, Chamwino na Kondoa. Nyingine hazikuuliza habari za filamu hata kidogo. Ziliuliza habari za njaa, na ndizo tulizozipa nafasi kubwa.

Mlisema alizaliwa Ubelgiji, baba akiwa raia wa Uingereza, naye akasoma Uingereza. Wanafunzi wangu wanauliza: vita ilipoanza, kwa nini apelekwe Uholanzi kwenye moto badala ya kubaki Uingereza? (Mwalimu wa Historia, Dodoma)

Mwalimu, jibu ni kwamba mama yake alipiga hesabu, na hesabu ikamkataa. Ella van Heemstra alikuwa Mholanzi wa ukoo wa kikabaila. Katika Vita Kuu ya Kwanza Uholanzi haikuegemea upande wowote, na haikuvamiwa. Septemba 1939, Uingereza ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani, alidhani mambo yatakuwa vilevile. Akamtoa binti yake shuleni Kent na kumpeleka Arnhem, mji ulio karibu sana na mpaka wa Ujerumani. Mei 10, 1940 majeshi ya Hitler yakaingia. Audrey alikuwa ametimiza miaka 11 siku sita tu kabla.

Tangu hapo hata jina lilikuwa hatari. Jina lenye sauti ya Kiingereza lingeweza kuiponza nyumba nzima, kwa hiyo akaitwa Edda van Heemstra na kuzoezwa kusema Kiholanzi tu mbele za watu.

Kuna jambo moja ambalo makala yetu ililiruka, na wanafunzi wana haki ya kulijua. Wazazi wake wote wawili waliwahi kuunga mkono chama cha kifashisti cha Oswald Mosley nchini Uingereza, na mwaka 1935 mama alikutana na Hitler mjini Munich. Baba aliiacha familia mwaka huohuo. Agosti 15, 1942 Wajerumani walimpiga risasi Otto van Limburg Stirum, mume wa dada yake Ella, pamoja na mateka wengine wanne. Hawakuwa na kosa. Walilipiziwa hujuma iliyofanywa na wapiganaji wa siri. Kaka mmoja wa Audrey, wa mama mmoja, alichukuliwa kwenda kufanyishwa kazi Berlin, na mwingine akajificha. Msichana huyu hakukulia katika nyumba ya mashujaa watupu. Alikulia katika nyumba iliyokosea vibaya, kisha ikaadhibiwa na walewale iliowaamini. Mkilifundisha hivyo, darasa litaelewa zaidi vita hufanya nini ndani ya ukoo.

Uholanzi ni nchi ya maziwa, jibini na viazi. Njaa ilitoka wapi? Kwetu njaa ikija tunajua mvua imekataa. (Msomaji, Manyoni)

Ndugu yetu, mvua haikuhusika. Septemba 17, 1944 askari wa miavuli wa Waingereza walishuka karibu na Arnhem wakitaka kuliteka daraja la mto Rhine. Siku hiyohiyo serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London iliwaagiza wafanyakazi wa reli wagome, ili Wajerumani wasiweze kusafirisha askari. Mashambulizi ya Arnhem yakashindwa. Wajerumani wakalipiza kwa kuzuia chakula kisipelekwe magharibi mwa nchi, kwenye miji mikubwa ya Amsterdam, Rotterdam na The Hague. Novemba walilegeza kidogo na kuruhusu usafiri wa majini, lakini baridi kali ikaja na mifereji ikaganda barafu. Majahazi yakakwama. Makaa ya mawe hayakufika, kwa hiyo hata aliyepata kiazi alikosa cha kukipikia. Watu zaidi ya 20,000 walikufa.

Tuiweke njaa hiyo kwa kipimo cha jikoni kwetu. Mgawo rasmi wa mtu mzima Amsterdam ulishuka chini ya kalori 1,000 mwishoni mwa Novemba 1944. Kuanzia Desemba hadi Aprili ukawa kati ya kalori 400 na 800 kwa siku. Gramu 100 za unga wa mahindi zina takriban kalori 360. Kwa hiyo mgawo wa 400 ni sawa na gramu 110 za unga, yaani kikombe kimoja cha chai. Ukisonga kikombe hicho unapata ugali wa mtoto mdogo, halafu ndio uwe wako wa asubuhi, mchana na jioni, kwa miezi mitano.

Audrey hakuwa Amsterdam. Alikuwa Velp, kijiji cha jirani na Arnhem, kwa babu yake. Upande wa mashariki kwa jumla ulikuwa na nafuu, na wapo wanaodai kwa sababu hiyo kwamba hakupata njaa ya kweli. Wanasahau kilichotokea baada ya mapigano: Wajerumani waliwafukuza wakazi wa Arnhem, karibu watu 100,000, na wengi wakamiminikia vijiji vya jirani, Velp kikiwamo. Mbele kulikuwa na jeshi, nyuma wakimbizi, na chakula hakikuongezeka hata kwa debe moja.

Na kuhusu kwetu, tunaomba kukukumbusha kwamba si kila njaa ya Ugogo ililetwa na mvua peke yake. Ile ambayo wazee waliiita Mtunya, ya 1917 hadi 1920, ilitanguliwa na majeshi. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoiteka Dodoma Julai 1916, nao wakaendelea kuchukua. Ukame ulipofika ulikuta ghala tupu na mashamba bila mikono. Inakadiriwa kwamba katika watu 150,000 wa Ugogo, 30,000 walikufa. Jeshi likishakomba akiba na kufunga njia, chakula hakipatikani, iwe nchi ni ya maziwa au ya uwele.

Kweli walikula maua? Yaliliwaje? (Mama wa nyumbani, Mpwapwa)

Ua lenyewe halikuliwa, mama. Kilicholiwa ni tunguu la chini ya ardhi la mtulipu, ua maarufu la Uholanzi; tunguu hilo hufanana na kitunguu maji. Lilimenywa ganda, likakatwa katikati, na kile kiini kidogo cha manjano kikaondolewa kwa sababu ni kichungu na hudhuru tumbo. Kilichobaki kilichemshwa na kupondwa kama viazi, au kikakaushwa na kusagwa unga wa kuchanganya kwenye mkate na uji. Kosa lilikuwa ni kuharakisha: mwenye njaa hakisubiri kiini kitolewe. Anayejua kuandaa mihogo michungu ataelewa mara moja. Chakula kinacholinda uhai kwa aliyeroweka na kuanika vizuri ndicho kinachomuumiza aliyefupisha kazi.

Bitiruti za sukari nazo zilikwanguliwa na kuchemshwa. Zinashibisha kwa muda, ila ni sukari na nyuzi tu. Protini hakuna, mafuta hakuna, madini ya chuma ni kidogo mno. Hapo ndipo ulipotoka upungufu wa damu uliompata Audrey.

Mlitaja kwamba vita ilipokwisha alikula kopo zima la maziwa mazito akaugua. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii na nimekutana na familia zinazomshindilia chakula mtoto aliyedhoofu. Naomba mweleze kisayansi. (Kongwa)

Dada, swali lako ndilo zito kuliko yote.

Velp ilikombolewa Aprili 16, 1945, na chakula cha msaada kikaingia. Audrey aliweka sukari nyingi mno kwenye uji wa shayiri, na akala kopo zima la maziwa mazito yenye sukari. Kopo la gramu 397 lina takriban kalori 1,270, yaani zaidi ya mgawo wa siku tatu wa kalori 400, kwa mkupuo mmoja. Aliugua, na alikuwa na bahati kwamba hakufa.

Mwili wenye njaa ya muda mrefu huzima mitambo yake mmoja baada ya mwingine. Moyo hupiga polepole, ini na figo hupunguza kazi, na akiba ya potasiamu, magnesiamu na fosfeti huisha huku vipimo vya damu vikionekana kama havina tatizo kubwa. Sukari nyingi ikiingia ghafla, mwili humwaga insulini. Insulini huisukuma sukari ndani ya seli, na madini yale machache yaliyobaki kwenye damu huingia nayo. Damu hubaki bila madini. Moyo hukosa mpigo, maji hujaa mapafuni, na mtu aliyevumilia njaa miezi mitano hufa baada ya kushiba. Baada ya vita ile madaktari waliliona jambo hili kwa wafungwa wengi waliotolewa kambini.

Utambuzi kwanza. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, tafuta katikati ya bega na kiwiko cha mkono wa kushoto, mkono ukining'inia, nguo ikiwa imevuliwa. Zungusha utepe wa kupimia uguse ngozi bila kuiminya. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Makosa tunayosikia mara kwa mara ni utepe kupimwa juu ya mkono wa nguo, na kukazwa hadi ngozi inakunjamana, kipimo kikasoma pungufu.

Kisha miguu. Bonyeza kwa dole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa sekunde tatu. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, ni uvimbe wa njaa, na mtoto huyo ni wa rufaa hata kama utepe unasoma kijani, yaani rangi ya afya njema. Uvimbe huficha ukondefu, majirani wakasema mtoto amenenepa. Audrey mwenyewe alikuwa nao: alisimulia kwamba uvimbe huanzia miguuni na kupanda, na ulikuwa umeshavuka vifundo vyake siku ya ukombozi.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali aliyevimba sana, aliyelegea, aliyekataa kula au mwenye homa hatibiwi nyumbani. Kabla ya safari, kama yuko macho na anameza, mpe kijiko kimoja cha chai cha sukari kilichojaa, katika vijiko vitatu na nusu vya chakula vya maji safi, kidogokidogo. Hiyo ni kumkinga sukari ya damu isishuke njiani. Mfunike mwilini mwa mama, ngozi kwa ngozi, maana baridi nayo huua. Asubuhi za Juni na Julai huko kwenu unazijua.

Hospitalini wataanza na maziwa maalumu ya F-75, yenye kalori 75 kwa kila mililita 100. Kipimo ni mililita 130 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 6 atapata 780, zikigawanywa mara kumi na mbili, yaani mililita 65 kila saa mbili, usiku na mchana. Aliyevimba sana hupewa 100 kwa kilo, kwa hiyo 50 kila mara. Bibi akiona kikombe hicho hulalamika kwamba mtoto ananyimwa, kwa hiyo mweleze mapema. Uchache ule ndio dawa. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo huhamishiwa F-100 au chakula dawa cha karanga, ambacho pakiti yake ya gramu 92 ina kalori 500. Na dawa ya kuongeza damu haitolewi siku za mwanzo, hata kama mtoto ni mweupe viganjani. Chuma kikiingia mapema kinaweza kuzidisha maambukizi ambayo mwili bado hauna nguvu ya kupambana nayo.

Mimi nacheza ngoma kwenye kikundi cha utamaduni. Je, ni kweli njaa ndiyo iliyomzuia kuwa mchezaji wa baleti? (Chamwino)

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Tangu akiwa Arnhem alijifunza baleti kwa bidii chini ya mwalimu Winja Marova. Vita ilipopamba moto, alicheza kwenye maonyesho ya siri ya kuchangisha fedha kwa ajili ya wapinzani wa Wajerumani. Mapazia yalifungwa, mlinzi aliwekwa nje, na mwisho wa onyesho hakuna aliyepiga makofi, kwa kuhofia kusikika barabarani. Miaka mingi baadaye alisema hadhira ile isiyotoa sauti ndiyo bora aliyopata kuwa nayo. Wewe unayejua ngoma ya Wagogo inavyohitaji vigelegele na makofi ya wanaotazama, fikiria kucheza hadi tone la mwisho la jasho na kupokewa na kimya.

Miezi ya mwisho ya vita alidhoofu hata asiweze kucheza. Baleti haikusamehe pengo hilo. Mchezaji husimama juu ya ncha za vidole, uzito wote ukiwa kwenye mifupa midogo ya mguu, na sehemu kubwa ya ugumu wa mfupa wa msichana hujengwa kabla hajatimiza miaka 18. Audrey alipita umri wa miaka 15 na 16, wakati ambapo mwili hudai chakula kuliko wakati wowote baada ya uchanga, kwa mgawo wa vita. Mwaka 1948 alikwenda London kwa ufadhili wa masomo katika shule ya Marie Rambert. Rambert akamweleza bila kumficha: urefu wake wa kama mita 1.70 ungemsumbua mwenzi wa kumwinua, na mwili uliodhoofishwa na vita usingebeba mazoezi ya mchezaji wa kwanza. Akaenda kwenye maonyesho ya nyimbo na dansi, akapata sehemu ndogo za filamu, na Machi 1954 akapokea tuzo ya Oscar kwa filamu ya *Roman Holiday*. Ilikuwa chini ya miaka tisa tangu uvimbe ule wa miguu.

Ukiitazama filamu hiyo, angalia shingo na mgongo anapotembea. Miaka ya baleti haikupotea.

Binti yangu anamuiga kwa kujinyima kula. Nimesoma pia kwamba njaa ile ilibadili chembe za urithi. (Mzazi, Dodoma)

Mzazi, mwambie binti kwamba wembamba ule haukuwa mtindo wa kujinyima. Alikuwa na umbo jembamba, na ujana wake ulipita njaani. Wanawe wamesimulia kwamba alipenda sana tambi za nyanya na chokoleti. Kama binti anaruka milo kwa wiki kadhaa au hedhi imekatika, mpeleke kwa daktari sasa, usingoje akonde zaidi.

Kuhusu urithi, umesoma sahihi lakini haimhusu yeye. Tafiti zile zilifuatilia watoto waliokuwa *tumboni* wakati wa njaa ya Uholanzi. Waliopatwa na njaa mimba ikiwa changa walionekana ukubwani kuwa na ugonjwa wa moyo na unene kuliko wenzao. Wa miezi ya mwisho walizaliwa na uzito mdogo, na baadaye miili yao ilishindwa kuidhibiti sukari vizuri. Chembe zenyewe hazikubadilika. Kilichobadilika ni alama za kikemikali zinazoamua chembe ipi ifanye kazi na kwa kiasi gani. Audrey alikuwa kijana wa miaka 15.

Babu zetu walisema wakati wa vita palikuwa na Wazungu wakimbizi hapa Kondoa. Wana uhusiano wowote na habari hii? (Kondoa)

Wana uhusiano wa vita moja na njaa moja. Hao walikuwa Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliohamishwa kwa nguvu na Wasovieti kuanzia 1940, wakaachiliwa, na kupitia Iran wakafika Afrika Mashariki kuanzia 1942. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha. Nyingine zilikuwa Kidugala, Ifunda, Morogoro, na hiyo yenu ya Kondoa. Walikuwamo wasichana wa rika la Audrey waliomaliza utoto wao wa vita wakitazama vilima vya Irangi. Kama bado kuna wazee wanaokumbuka walichosikia kwa wazazi wao, yaandikwe.

Tusahihishe pia kosa letu wenyewe. Tuliandika kwamba mwaka 1945 Audrey alisaidiwa na UNICEF. UNICEF iliundwa Desemba 1946. Msaada uliofika Uholanzi ulikuwa wa UNRRA, shirika lililoitangulia. Yeye mwenyewe aliiona kazi hiyo kuwa ni ileile, na ndiyo maana mwaka 1988 aliitikia kuwa balozi wa UNICEF. Safari ya kwanza, Machi 1988, ilimpeleka Mekele, Ethiopia, kwenye makao ya yatima 500. Sudan ikafuata mwaka 1989, na Somalia Septemba 1992, miezi minne kabla ya saratani kumuua akiwa na miaka 63. Sehemu zote tatu njaa ilikuwa imekumbatiana na vita.

Kwa nini hakuigiza filamu ya Anne Frank, wakati alifaa kuliko wote? (Mpenzi wa filamu, Dodoma)

Walizaliwa mwaka mmoja, 1929, tofauti ya wiki tano na ushee. Wote walikuwa wageni waliokulia Uholanzi chini ya Wajerumani. Anne alikuwa Myahudi aliyeandika shajara akiwa mafichoni, akafia kambini. Audrey aliisoma shajara ya Anne punde tu baada ya vita, kabla dunia haijaijua, na ilimvunja moyo kabisa. Ndani yake alikuta habari za mateka waliopigwa risasi. Kwa msomaji wa kawaida huo ni mstari mmoja tu wa habari za vita. Kwake, mmoja wa mateka hao alikuwa Otto van Limburg Stirum, mume wa dada wa mama yake, aliyempenda.

Mwongozaji George Stevens alimwomba, na Otto Frank, baba wa Anne, alimtembelea Uswisi. Alikataa. Umri nao haukumruhusu, maana alikuwa anakaribia miaka 30, lakini sababu kubwa aliieleza waziwazi: asingeweza kuyaishi tena yale. Badala yake, 1958 alikwenda Kongo, Kisangani ya leo, kuigiza *The Nun's Story*, kama mtawa wa Kibelgiji anayeacha utawa kwa sababu hawezi kuwasamehe Wajerumani waliomuua baba yake. Ukitaka kuiona vita ya Audrey kwenye sinema, tafuta hiyo.

Ilipofika 1990, akiwa na karibu miaka 61, alisimama mbele ya okestra na kuyasoma maneno ya Anne kwa sauti, katika maonyesho ya kuichangia UNICEF. Alisema kusoma aliweza. Kumwigiza ndiko alikoshindwa.